Goti la Muhonja

Siku hizo, meneja wa mpira wa magongo aliyetia saini mkataba wa mchezaji alihisi mwilini mwake maumivu yote ya mchezaji huyo hadi mkataba uishe. Kageha alimsajili Muhonja kwa misimu mitano, akarudi nyumbani akicheza.

"Baba Imali, tumempata! Mfungaji bora!"

Akamrusha bintiye juu. Alipomdaka, goti likamchoma kama moto. Na Muhonja alikuwa ameapa kwamba goti lake limepona!

"Vunja mkataba," mumewe akasema. "Bado mapema."

Simu ikalia; alikuwa Muhonja. "Meneja, mama analia kwa furaha! Nawe hujambo?"

Kageha akavuta pumzi. "Sijambo, mdogo wangu. Kesho njoo tulitibu goti letu."

Imali akanyoosha mikono. "Mama, nirushe tena!"