Kitako cha Kiondo

Mgeni kutoka Ujerumani alimnyooshea Gladwell nyuzi kumi za katani, akasema kwa Kiswahili chake cha kusomea, "Nionyeshe unavyoanza."

Ugumu wa kikapu cha kiondo ni kitako, maana ndicho kinachoanza kusukwa. Gladwell hakuwahi kuanza hata kimoja. Vyote alivyouza kwa kompyuta nyumbani kwake Skuta, mwaka huo wa tisini na tisa, nilivisuka mimi jirani yake. Na kila mwezi aliandika makala kwenye mtandao akivisifu: ati amevisuka mwenyewe, ati alifundishwa na nyanyake. Mimi sikutajwa hata kwa bahati mbaya.

Nilipojua, sikugomba. Nilingoja hadi siku alipoishiwa na maneno ya makala.

"Cucu, sasa niandike nini?" akaniuliza. Cucu ni nyanya; aliniita hivyo kwa umri wangu.

"Andika ati mteja yeyote akifika hapa, utamwanzia kiondo mbele ya macho yake."

Akacheka. "Nani atatoka Ulaya aje Skuta?" Akaandika.

Sasa makala hiyo ilikuwa magotini pa mgeni, imechapwa vizuri. Gladwell alizipinda nyuzi kwa kucha zake nyekundu, zikamponyoka. Akaninong'oneza, "Cucu, tafadhali."

Nikapandisha rinda kidogo, nikajikuna paja, pale ngozi imelainika kama mpini wa jembe kwa kusokotea nyuzi miaka arobaini. Mgeni akalitazama paja. Kisha akazitazama zile kucha.

"Na huyu mama ni nani?"

"Mwambie, Gladwell," nikasema. "Hata mimi nataka kusikia."