Kilio cha Kibwagizo

Wimbo ulikuwa umebakiza kitu kimoja: kilio cha mwanamke baada ya kofi. Kofi lenyewe Jino alilipata kwa kupiga kochi la ngozi pale studio. Yeye ndiye msanii, na kibwagizo chake kilisema mke asiyesikia maneno atasikia mkono.

Mama Sikujua, muuza chakula wa jirani, aliingia kuchukua sahani zake za mchana.

"Mama, hebu tulilie kidogo hapa," alisema Fumo, prodyuza, akimshushia maiki.

Mama Sikujua akaweka sahani chini, akasimama mbele ya maiki. Jino akapiga kochi. Kwenye skrini mstari wa sauti uliruka, ukarudi, ukalala. Mama hakutoa sauti.

"Ukisikia kofi, unalia," alisema Jino. "Au hujui kulia?"

"Piga tena."

Akapiga kwa nguvu zaidi. Mama alitazama mbele, midomo kaifumba.

"Unatupotezea muda. Mwanamke akipigwa analia."

"Nani kakwambia? Nimepigwa miaka kumi na minne, chumba kimoja na wanangu wamelala. Ningelia wangeamka. Sauti ya kupigwa ndiyo hiyo, irekodi."

Fumo alinyoosha kidole azime mashine.

"Usizime," alisema Mama Sikujua. "Mume wangu hakuwa akiishia makofi mawili." Akamgeukia Jino. "Piga, baba."

Jino aliinua mkono juu ya kochi. Ukabaki hapo hapo juu, na kwenye skrini mstari uliolala ukazidi kwenda.