Mawe ya Kicheche

Alikuwako Kicheche mmoja asiyejua kutulia. Shamba lake la mizabibu lilikuwa mlimani, likitazama bahari ya Mediterania, nalo lilijaa mawe yaliyomkosesha usingizi.

"Yanaitesa mizabibu yangu!" alifoka, akayabingirisha yote mpaka bondeni, kwenye shamba la mizabibu la jirani yake, Mjusi.

"Yaache hapo hapo, jirani," Mjusi akasema, akajilaza juu ya mawe hayo.

Mvua za kipupwe zikausomba udongo wa Kicheche, uliokosa mawe ya kuushikilia. Mavuno yalipofika, zabibu zake zilikuwa chachu. Divai ya Mjusi ilikuwa tamu kama asali.

"Umetia nini humu?" Kicheche akauliza alipoionja.

"Mawe yako. Mchana yanaota jua, usiku yanaipa mizabibu joto."

Kicheche akaruka. "Nirudishie!"

"Chukua, jirani. Kushuka yalibingirika yenyewe, kupanda utayabeba."