Milioni Moja na Tatu

Mlango ulikataa kufunguka. Kibibi, akiwa na kichanga chake kifuani, akaupiga teke.

"Namba ya mtoto ni milioni moja na tatu," mlango ukasema kwa adabu. "Ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Wakazi wa nyumba hii sharti namba zao zigawanyike kwa tatu."

"Nimemzaa mimi, mpumbavu wewe!"

Mumewe, Makame, akatua beseni la nguo. "Aliyezaliwa kabla yake kapata milioni moja na mbili. Ile inagawanyika. Ungesukuma haraka kidogo tu..."

"Makame, nitakuvika hilo beseni!"

Mwishowe mlango ukampokea mtoto kama mgeni. Kibibi akaingia akisonya.

Siku ya tatu, Kibibi akiwa ananyonyesha, mlango ukafunguka wenyewe, baridi ikaingia.

"Mgeni siku mbili," ukasema.

"Huyu hatoki nje mpaka arobaini! Na mgeni siku ya tatu hupewa jembe, hafukuzwi!"

Mlango ukafikiri kidogo.

"Jembe hawezi kulishika," ukajibu kwa upole. "Mwenyeji mmoja anaruhusiwa kumsindikiza hadi barabarani."