Shujaa wa Kisiwani

Harithi anadai Mjerumani aligonga mwamba palepale darajani. Shujaa mmoja wa Majimaji, peke yake, aliwazuia askari mchana kutwa mpaka risasi ikamwangusha, akazikwa kisiwani chini ya yale mawe. "Mimi kaburi hili nalijua tangu natambaa," huwaambia wageni, nao hupiga picha.

Raudha alimsikia tena leo, amesimama kwenye matuta yake ya mchicha, meno kayabana. Kisiwa chenyewe cha mtoni, hakitoshi hata uwanja wa mpira: ukuta wa zamani uliobomoka, bustani yake, na lile rundo la mawe. Sasa Harithi, jirani yake, kaleta watu kutoka Nachingwea. Wachimbe, watoe mifupa, wajenge mnara wa saruji.

Ameomba wasichimbe mpaka sauti imemkauka. Mwenyekiti wa kijiji chao, Chunyu, alimcheka. "Binti, mchicha utapanda kwingine. Chunyu nzima hii umekosa ardhi?"

Akajaribu tena. "Daraja hili ni vyuma vya reli ya mradi wa karanga wa Mwingereza. Mjerumani alikuwa keshaondoka zamani. Huyo shujaa alisimama juu ya nini?"

"Ehee! Darasa la saba nalo linatufundisha historia!" Harithi akamkejeli. Watu wakaangua kicheko.

Mgeni mmoja akalipima rundo kwa macho. "Mzee, mbona shujaa wenu alikuwa mfupi hivi?"

"Walimkunja," Harithi akajibu bila kupepesa.

Mama yake Raudha akamkamata mkono. "Nyamaza. Uliapa. Hili halisemwi mbele ya wanaume." Wanawake wengine walikuwa wamebaki ng'ambo ya daraja, wanatazama maji tu, hakuna aliyetaka kuvuka.

Jiwe la kwanza likaondolewa. Likafuata la pili. Harithi akavua kofia, akatemea viganja mate, akashika jembe ili afungue yeye.

Raudha akajichomoa mikononi mwa mama yake. Akapita katikati ya bustani, akiukanyaga mchicha wake mwenyewe, akaenda kupiga magoti juu ya mawe.

"Mjomba, shusha jembe. Alikufa hajatolewa nje, hajapewa hata jina, tukamleta huku sisi wanawake peke yetu, kama ilivyo desturi. Nakuomba, mjomba, usimfukue mwanangu."