Bahasha ya Tatu

Katibu alipotoa bahasha mbili tu kwenye sanduku la zabuni, Mama Rangi alilikodolea macho sanduku lile. Miaka ishirini alikuwa amepaka kuta za maghorofa juu ya ngazi bila kutetemeka. Leo, kwenye kiti cha plastiki, alitetemeka kama aliyenyeshewa.

"Tulia," mkandarasi aliyekaa kando yake akamnong'oneza. "Kazi yako ilikuwa kutia sahihi tu, na umeshatia. Hutagusa hata ukuta mmoja."

Ndivyo walivyoingia ubia. Kazi ya kupaka rangi shule kumi na mbili ilitengwa kwa wafanyabiashara wadogo. Mkubwa haruhusiwi kuomba mpaka aungane na mdogo, na huyo mdogo afanye nusu ya kazi. Mkandarasi alikuwa na magari na mafundi. Aliyemkosa ni mfanyabiashara mdogo wa kuungana naye. Basi akamwendea Mama Rangi, ambaye banda lake la kazi lilikuwa kwenye kiwanja cha mkandarasi huyohuyo, akamwekea karatasi mbele. Angekataa, angehamia wapi?

Ndugu mdogo wa kike wa Mama Rangi hakutaka kuelewa. Yeye na mafundi wenzake wawili walikuwa wameungana kuomba kazi hiyohiyo. "Dada, umetuuza," alimwambia, na tangu siku hiyo hata salamu ilikatika. Sasa wote watatu walikaa safu ya nyuma, wamenuna.

"Ni hizi tu?" mwenyekiti akauliza.

"Tikisa sanduku, bwana!" mkandarasi akapaza sauti, akicheka. "Tusije tukaambiwa tumependelewa."

Katibu akalitikisa. Bahasha ya tatu, nyembamba, ikaanguka mezani. Mama Rangi akaziba mdomo kwa kiganja.

Mwenyekiti akakumbusha kanuni: kampuni ikionekana kwenye bahasha mbili, zote mbili zinatupwa nje, na mwenye kampuni anafungiwa miaka mitatu. Miaka mitatu bila kazi ya serikali, na kazi nyingine hakuwa nayo.

Ya kwanza ilikuwa ya mkandarasi na Mama Rangi. Ya pili ya wale watatu wa nyuma. Bei yao ilikuwa juu kidogo, na mkandarasi akatabasamu waziwazi. Ya tatu katibu aliisoma kimoyomoyo mara mbili kabla ya kufungua mdomo.

"Mama Rangi. Peke yake."

Ukumbi ukalipuka. Mkandarasi akaruka kitini, uso umemshuka. "Umechanganyikiwa? Nani kakudanganya uombe mara mbili? Umejimaliza, na mimi umenimaliza!"

"Kanuni imesomwa mbele yetu sote, bosi," alijibu Mama Rangi.

Mwenyekiti akagonga muhuri mwekundu wa kukataa kwenye bahasha zote mbili zenye jina la Mama Rangi. Mezani ikabaki bahasha moja, ya wale watatu. Kule nyuma mdogo wake alikuwa amesimama, mkono kifuani, akimtazama.

"Dada?"

Mama Rangi akashusha pumzi ndefu. Bahasha ile nyembamba aliitumbukiza kwa mkono wake mwenyewe asubuhi, na tangu saa hiyo alikuwa akiogopa jambo moja tu: kwamba hawataiona.