Bwawa Ambalo Ngiri Aliogopa Kuliomba

Palikuwa na Ngiri, mwenyekiti wa wanyama wa bondeni, ambaye hakuna kitu alichokiogopa kama kukataliwa. Masika hayo mto uliwachukua watoto wawili waliokwenda kuoga. Mhanga, fundi wa kuchimba, akasema angechimba bwawa la kina kifupi, watoto wajifunzie kuogelea, mradi kila kaya ichange vikapu viwili vya chakula. Jambo hilo lilihitaji kupigiwa kura na wanyama wote, wengi wape.

"Tusiitishe kura," Ngiri alimwambia katibu wake, Kanga. "Pakamwitu hata umande anaukwepa. Atapinga, na ukoo wake wote utamfuata."

"Umemuuliza, Mwenyekiti?"

"Namjua."

"Kumjua siyo kumuuliza."

Neno hilo lilimkosesha Ngiri raha. Kesho yake akaita mkutano, akaeleza ombi la Mhanga. Wa kwanza kusimama alikuwa Pakamwitu. Ngiri akainamisha kichwa.

"Naogopa maji kwa sababu sikupata wa kunifundisha," Pakamwitu alisema. "Siku ile wale watoto wanachukuliwa, nilikuwa ukingoni, nikashindwa kuwafuata. Sitaki wanangu yawakute hayo. Mimi nitatoa vikapu vinne."

Kobe alipinga, kama apingavyo kila jambo, na wengine wachache pamoja naye. Waliobaki wote wakakubali.

Jioni hiyohiyo Mhanga alianza kupima ardhi, Ngiri akimshikia kamba. Alikuwa amejua sasa kwamba ukimjibia jirani kabla hujamuuliza, unamnyima nafasi ya kutenda wema.